Madume wa Tangi la Maji Safi

Ugomvi ulipokwisha katika tangi la maji safi, mtunza samaki alimshukuru Mungu.

Miaka yote aliyofanya kazi katika chumba kile cha chini, kwenye jengo la sayansi la chuo, hakuna kilichomchosha kama ugomvi wa madume wa perege. Dume wa perege akishakomaa ana mambo yake. Anachimba shimo kwenye changarawe, analifanya lake, na ole wake mwenzake apite karibu. Atafukuzwa, atang'atwa mapezi, atabanduliwa magamba mpaka ajibanze kwenye kona akihema. Mtunza samaki ndiye aliyekuwa akiwaamua. Aliwatenga kwa vipande vya plastiki huku akiwasema kama watoto watukutu: "Wewe, wewe! Jana nilikwambia nini?"

Mvua kubwa zilipoanza, wakatulia. Wekundu wa mapezi yao ukafifia. Mashimo yakajaa taka na hakuna aliyejishughulisha kuyafagia. Wakawa wanaelea pamoja upande mmoja wa tangi, midomo ikifunguka na kufumbika, kama abiria waliochoka kusubiri.

"Wamepatana," alimwambia fundi umeme aliyekuja kubadilisha taa.

"Labda wameoa," fundi akasema. Wakacheka wote wawili.

Chuoni watu walimwita mtunza samaki huyo Matangi. Alikuja pale akiwa kijana, kibarua wa kuchanganya zege, siku zile wanajenga vijukwaa vya kuwekea matangi yenyewe. Kazi ya zege ikaisha, wenzake wakaenda zao, yeye akabaki. Ilikuwa hivi: mwalimu mmoja alimwomba amshikie ndoo, kesho yake akamwomba tena, na mambo yakaenda hivyo hivyo mpaka akapewa funguo. Alioa akiwa na kazi hiyo, akapata watoto akiwa na kazi hiyo, akaota mvi humo humo katikati ya sauti ya pampu za hewa. Alizoea kutembea na viatu vya mpira. Nyumbani mkewe alimtania kwamba hata akiwa sebuleni ananyanyua miguu kama mtu anayekwepa madimbwi.

Bosi wake sasa alikuwa mwanamke ambaye Matangi alimfahamu tangu akiwa mwanafunzi anayeogopa kushika samaki. Watu wote walimwita Dokta. Yeye alikuwa akichunguza jinsi homoni ya kike iitwayo estrojeni inavyoyaamrisha maini ya samaki. Kwa hiyo chumba kiligawanywa pande mbili. Upande wa kushoto, matangi ya dawa, yaliyotiwa estrojeni kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Upande wa kulia, tangi la maji safi. Hayo yalikuwa maji ya bomba tu, yaliyoachwa kwenye pipa wazi yakipulizwa hewa mpaka klorini itoke. Madume wa kulia hawakupewa kitu. Kazi yao ilikuwa kubaki madume wa kawaida, ili Dokta awe na cha kulinganishia.

Matangi hakuchezea mpaka ule. Nyavu nyekundu zilikuwa za kushoto, nyeupe za kulia. Ndoo vivyo hivyo. Hata vitambaa vya kufutia mikono alikuwa navyo viwili.

Siku Dokta alipochukua damu na vipande vya maini kutoka pande zote mbili, aliondoka akiimba kwa sauti ya chini. Aliporudi baada ya kupima alikuwa hajavaa hata koti lake jeupe. Alisimama mlangoni akilitazama tangi la kulia.

"Mzee Matangi, hebu kaa kidogo."

Matangi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtu wa kawaida hamwambii mwenzake akae kama ana habari njema.

"Hawa wa maji safi," Dokta akasema, "wana kiini cha yai kwenye damu."

"Wa kushoto, unamaanisha."

"Wa kushoto wanacho, tulitegemea. Nasema hawa." Akalinyooshea kidole tangi la kulia. "Nyavu hazikuchanganyika? Siku moja tu, kwa bahati mbaya? Sikulaumu, Mzee wangu. Naomba tu uniambie."

Damu ilimpanda usoni. Alitaka kusema hapana kwa nguvu, lakini hakuwa na uhakika. Macho yake hayakuwa yale ya zamani. Mwezi uliopita alikuwa ameweka chumvi kwenye chai ya wageni. Je, kama ni yeye?

"Sidhani," akasema, na akajichukia kwa kusema *sidhani*.

Walianza upya. Matangi alisugua kila tangi kwa mikono yake mpaka vidole vikavimba. Nyavu mpya, mabomba mapya, na samaki wapya kutoka kwenye bwawa la kufugia lililokuwa mbali na mji. Dokta mwenyewe alishuka kila asubuhi kusimama naye, na wakawa wanafanya kazi bila maongezi, kila mmoja akimchunga mwenzake bila kutaka. Wale madume wapya walifika wekundu, wakali, wakagawana changarawe siku hiyo hiyo. Matangi alifurahi kuwaona wakipigana. Alijikuta akiwashangilia.

Baada ya wiki kadhaa, mmoja aliacha shimo lake. Kisha mwingine. Kisha wote wakasogea upande mmoja wa tangi, wakaelea, midomo ikifunguka na kufumbika.

Safari hii Dokta hakuuliza habari ya nyavu. Alivuta ndoo nyingine, akaipindua, akakaa mbele yake.

"Unajua kinachotokea mle ndani ya ini?"

"Nimekusikia ukiwafundisha vijana. Lakini niambie tena, pole pole."

"Kila dume anayo jeni ya kutengeneza kiini cha yai. Amezaliwa nayo, kama jike. Tofauti ni kwamba kwa dume imelala, hakuna anayeisoma. Sasa estrojeni ikifika kwenye seli ya ini, inapita tu, haibishi hodi. Humo ndani kuna kitu kinaingojea, tunakiita kipokezi. Wanashikana. Wakishashikana wanakwenda pamoja mpaka kwenye vinasaba, wanatua mahali pao maalumu, na ile jeni inaamshwa. Ini linaanza kutengeneza kiini cha yai, usiku na mchana."

"Na dume hana mayai."

"Hana. Kwa hiyo kiini kinazunguka tu kwenye damu, hakina pa kwenda. Kikizidi, figo zinaziba."

Matangi aliwatazama. "Ini halijui kwamba huyu ni dume?"

"Ini halijui kitu, Mzee. Linatii tu."

Pampu ziliendelea kukoroma. Halafu Dokta aligeuza shingo polepole, akaliangalia bomba lililokuwa ukutani juu ya lile pipa, bomba la kawaida la shaba, likidondosha tone moja moja.

"Haya maji," akasema, "ndiyo yale yale tunayokunywa huko juu?"

"Ndiyo yale yale. Mji mzima."

Hakuna aliyeinuka kulifunga.

Walijaribu kwa mara ya tatu, sasa kwa matangi mawili: moja la maji ya bomba, jingine la maji ya kisima kirefu kilichochimbwa nyuma ya karakana ya chuo. Madume wa kisima waliendelea kugombana kama kawaida yao. Wa bomba wakapatana.

Siku walipothibitisha hilo, Matangi alirudi nyumbani kwa miguu. Alifika jua bado liko juu. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amejaza chumba cha mbele kwa sare za shule, uzi mdomoni. Binti yao mkubwa alikuwa ameegemea mlango, miguu imevimba, tumbo limetangulia. Mume wake alifanya kazi mbali, kwa hiyo alikuja kujifungulia kwao. Mkononi alikuwa na bilauri kubwa ya maji.

"Baba, karibu. Joto hili litaniua. Leo peke yake nimemaliza jagi zima."

Alimwona akiinua bilauri, koo likicheza. Alitaka kuipokonya. Angemwambia nini?

"Mnayachemsha?" aliuliza.

"Tunayachemsha, baba. Siku zote si tunayachemsha?"

Alikuwa amekwisha kumuuliza Dokta kuhusu kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, alimjibu, lakini kile si kidudu, hakifi.

Kuanzia kesho yake akaanza kuleta maji ya kisima cha chuo kwenye madumu, amefunga mawili nyuma ya baiskeli. Aliwaambia bomba lina kutu. Mkewe aliitikia, akayamimina kwenye mtungi, wala hakubisha. Lakini walikuwa wameishi pamoja muda mrefu. Siku moja mkewe alimkuta anamwaga chai iliyopikwa na jirani, akaweka mkasi chini.

"Unatuficha kitu."

"Kitu gani?"

"Mimi nikuulize, na wewe uniulize? Tangu lini kutu ikakukosesha usingizi?"

Akamweleza. Alieleza vibaya, akaruka huku na huku, akaanzia kwenye maini akaishia kwenye nyavu, lakini mkewe alielewa. Aliweka mkono mdomoni.

"Mdogo wangu," akasema. "Mdogo wangu ndiye anayeyasafisha maji hayo."

Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna Matangi zaidi ya yote. Shemeji yake alikuwa mwendesha mitambo kwenye kituo cha maji, na hakuwa shemeji wa kusalimiana tu barabarani. Kila Jumapili alikula kwao. Alikuwa mtu wa mizaha, sauti yake ikifika kabla yake. Kila akipewa maji alikuwa akiyainua kwenye mwanga na kusema, "Haya nimeyapika mwenyewe."

Jumapili iliyofuata alifika, akakaa, akainua bilauri kwenye mwanga. Akayaonja. Akaiweka mezani.

"Haya si yangu."

Hakuna aliyecheka. Binti alimtazama mama yake, mama akatazama sahani.

"Shemeji," Matangi akaanza, "kule kazini kwetu samaki wamepata tatizo. Tumepima, tumerudia, tumepima tena. Inaonekana linatoka kwenye maji."

"Maji gani?"

"Ya bomba."

Shemeji alicheka kidogo. "Samaki wako wanalalamika? Waambie waje ofisini, waandike barua."

"Madume wanatengeneza kiini cha yai."

"Basi utakula mayai, shemeji, shida iko wapi?" Alimtazama dada yake ili acheke naye. Hakucheka. Hapo uso wake ukabadilika. "Ngoja kwanza. Ndiyo maana mnaleta maji ya madumu? Ndani ya nyumba ya dada yangu, mimi napewa maji ya madumu? Miaka yote hii nawalinda watu na kipindupindu, leo nimewawekea sumu?"

"Hakuna aliyesema wewe."

"Umesema maji. Maji ni mimi!"

Binti alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. "Mjomba," akasema kwa sauti ndogo, "ni kitu gani kiko kwenye maji?"

Mjomba wake alisukuma sahani pembeni. Alisimama, chakula hakijaguswa, akamwambia Matangi, "Kesho njoo kazini kwangu. Uje uone kwa macho yako."

Matangi alikwenda. Shemeji alimpokea akiwa amevaa sare iliyopigwa pasi, akamzungusha kituo kizima kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba mpya. Mabwawa ambamo matope huzama. Vichujio vya mchanga. Chumba cha klorini chenye mlango mzito. Kila kitu kilikuwa safi, sakafu inang'aa. Kwenye meza ya vipimo alimwonyesha chupa, moja baada ya nyingine.

"Vijidudu, hakuna. Rangi, hakuna. Harufu, hakuna. Kila siku yako sawa. Sasa niambie, kosa langu liko wapi?"

"Na ile homoni?"

"Hatuipimi. Hakuna sehemu yoyote niliyoambiwa niipime."

Alisema kweli, na Matangi alijua kwamba ni kweli. Ndiyo maana aliogopa.

Walitoka nje, wakafuata njia ya kando ya mto kwenda kwenye mdomo wa bomba kubwa linalovuta maji. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, majani yamelala. Shemeji alizidi kupunguza mwendo. Walipofika kwenye kona ya mto alisimama kabisa.

Ng'ambo kidogo, upande mto unakotokea, kabla ya pale bomba lilipovuta, palikuwa na mabwawa ya majitaka ya mji. Maji machafu ya kila nyumba, kila choo, na hospitali kuu, yalipelekwa pale yatulie. Ukuta mmoja wa udongo ulikuwa umebomoka. Kutoka kwenye pengo lile mkondo mweusi uliingia mtoni taratibu, bila kelele, na povu la rangi ya maziwa ya zamani lilifuata ukingo mpaka kwenye chujio la bomba.

Matangi alikumbuka maneno ya Dokta: estrojeni hutoka miilini mwa watu wenyewe, na kwenye vidonge vya kupanga uzazi, na inapita chooni kimya kimya. Mchanga na klorini hupunguza baadhi yake. Haviimalizi.

"Ulijua," akasema.

"Ulibomoka mvua zilipoanza. Nilitoa taarifa siku hiyo hiyo. Waliniambia niongeze klorini wakati fundi anatafutwa. Nikaongeza. Vipimo vikawa sawa." Shemeji hakuinua macho. "Ningefanya nini? Nifunge maji ya mji mzima? Watu wanywe nini, mvua?"

Walisimama pale wakitazama povu, watu wazima wawili, mpaka inzi wakawafukuza.

Dokta alipeleka matokeo yake kunakohusika. Akaitwa kikao, akaitwa kingine. Alirudi kila mara akiwa na uso wa mtu aliyeongea na ukuta. Walimpa chai, walimsikiliza, walimwuliza kama ana ushahidi kwamba kiasi kile kinamdhuru binadamu. Akasema hana, hakuna aliyechunguza vya kutosha. Samaki anaishi ndani ya maji, anayapumua, binadamu anayanywa tu, si kitu kimoja. Wakasema, basi. Maji yamekidhi viwango vyote, tusizue taharuki. Wakamshukuru kwa uzalendo wake.

"Ningedanganya kidogo wangenisikia," alimwambia Matangi. "Ningesema watu watakufa. Lakini sijui, Mzee. Kweli sijui."

Ukuta ulizibwa mvua zilipokwisha, udongo mwingine juu ya udongo ule ule. Hakuna tangazo lililotolewa. Mjini watu waliendelea kunywa, kufua, kuogesha watoto. Matangi akipita kwenye mabomba ya mitaani aliwaona wanawake wamepanga ndoo, wanacheka, naye aliwaamkia na kupita haraka kama mtu mwenye deni.

Binti yake alijifungua mtoto wa kiume. Mkunga alimgeuza, akamkagua, akasema mzima, mzima kabisa, ana sauti ya mwenye nyumba. Mke wake alilia kwa furaha. Matangi alimpokea, akamtazama kwa muda mrefu kuliko babu anavyomtazama mjukuu, kila kidole, kila mkunjo, akitafuta kitu ambacho hata yeye hakujua kingekuwaje. Binti aliliona hilo. Alinyoosha mikono, akamchukua mwanawe, akamfunika.

Shemeji alituma salamu. Mwenyewe hakuja.

Madume waliokuwa wameathirika Dokta hakuwaua. Waliwahamishia kwenye maji ya kisima na wakarejea taratibu: damu ikasafika, rangi ikarudi, ugomvi ukarudi. Matangi alianza kupata usingizi tena. Kisha Dokta akafanya jaribio moja la mwisho. Aliwapa wale madume waliopona, na wengine wasiowahi kuguswa, estrojeni kiasi kile kile kidogo. Wale wapya walichelewa kuitikia. Wale waliopona waliwaka haraka, na kiini kikajaa kwenye damu yao kupita mara ya kwanza.

"Jeni ilionekana imelala," Dokta akaeleza, akivua miwani. "Lakini haikurudi kufungwa kama zamani. Ini linakumbuka."

"Linakumbuka mpaka lini?"

"Hilo ndilo ninalolitafuta."

Matangi aliendelea na kazi, kwani angeenda wapi. Mjukuu akaanza kukaa, akaanza kutambaa na kuvuta nguo chini ya cherehani. Majira yakageuka. Wingu likaanza kujikusanya upande wa mto, na mvua ya kwanza ikapiga mabati mchana kutwa, halafu ya pili.

Alasiri moja alisikia hatua kwenye ngazi. Alidhani ni fundi wa pampu. Alikuwa shemeji, mara yake ya kwanza kukanyaga chumba kile, suruali imelowa mpaka magotini, tope jekundu kwenye viatu. Hakutania. Alisimama katikati ya matangi akiwa ameshika kofia.

"Ni wepi?" akauliza.

Matangi alimpeleka kwenye tangi la wale walioipata homoni mara mbili, kwanza kwa bomba, kisha kwa dawa. Dume mmoja alikuwa amelala ubavu kwenye changarawe, tumbo limetuna kama la jike anayekaribia kutaga, gamba moja moja likisimama. Jicho lake lilizunguka polepole, likawatazama. Shemeji aliinama mpaka pua yake ikagusa kioo.

"Mtoto anaendeleaje?" aliuliza bila kugeuka.

"Vizuri. Anatambaa."

"Mnampa maji gani?"

"Ya kisima. Yale yale ya madumu."

Shemeji aliitikia kwa kichwa, akajifuta uso kwa kofia.

"Endeleeni hivyo hivyo," akasema. "Na dada naye anywe hayo hayo. Msibadilishe."

"Ule ukuta, shemeji?"

"Mimi sijasema kitu." Alikuwa amekwisha kufika kwenye ngazi. "Nina zamu. Wameniambia niongeze klorini."

Hatua zake zilipanda, mlango wa juu ukafungwa. Matangi alichukua madumu yote mawili, na mengine mawili yaliyokuwa stoo, akatoka nayo kwenye mvua kuelekea kisimani.